Mbao za Pipa

Sefu alilileta kwa mkokoteni,
likigonga kila kona, hadi karakana yangu, Magomeni.
Elfu thelathini, alisema Padri Liberati, ni mwaloni huo,
na divai iliisha kabla yeye hajapata upadri.
Mwaloni siujui. Naujua mvule, unanipigisha chafya tangu utotoni,
naujua mninga, na magome ya mkoko
yanayogeuza maji kuwa chai isiyonyweka.

Nikazivua pete. Ya kwanza, ya pili, ya tatu kwa nyundo.
Mbao zikalala chini kama mbavu za ng'ombe wa Idi.
Ndipo harufu ikanyanyuka.

Haikuwa divai. Mimi divai sijaionja, Mungu shahidi.
Ilikuwa karafuu: jino la mama, kipande cha pamba,
usiku mzima taa haikuzimwa.
Ilikuwa moshi: mtungi uliofukizwa kabla ya kutiwa maji.
Ilikuwa keki ya arusi ya watu wenye uwezo,
ile yenye arki ya kichupa.
Nikasimama na randa mkononi
kama mwizi aliyesahau alichofuata.

Mwajabu, binti wa dada yangu, anasoma kemia Mlimani.
Alikuja likizo na daftari limejaa pembesita,
zenye mkia mmoja, zenye mikia miwili,
sega la nyuki aliyelewa.
"Mjomba, hizo zote ukoo mmoja. Fenoli.
Ya karafuu ni yujenoli. Ya moshi, gwayakoli.
Ya keki, vanilini. Walipoubabua ubao kwa moto
ili upinde uwe pipa, mti ulikatikakatika ndani kwa ndani,
vipande vidogo vikapata njia."
"Na vikubwa?"
"Vikubwa haviruki, vina uzito.
Hubaki kwenye ubao, au hukaza ulimi kama ndizi mbichi.
Pua huletewa vyepesi tu."

Nikacheka. Kisha nikaacha.

Baba alifanya kazi kwenye benchi hili miaka arobaini
na sikumbuki aliniambia nini siku niliyooa.
Nakumbuka kofia yake: vumbi la mvule, jasho, kahawa.
Alipozikwa, mimi na dada tuliitia kwenye mfuko wa nailoni,
tukawa tunaufungua kwa zamu, kidogo kidogo,
mpaka ikabaki kofia.

Shehe Mwinyikondo akasimama mlangoni.
"Fundi, nasikia siku hizi unaranda pombe."
Nikampa ubao. Akaunusa. Akaunusa tena.
"Mtungi wa bibi yangu huu," akasema,
kisha akakumbuka yeye ni nani.
"Randa mpaka usinuke. Ndipo uuze."

Nikaranda. Weusi ukatoka, na wekundu wa zambarau chini yake,
na kila ganda lililojikunja likaachia harufu mpya,
kali kuliko ya kwanza.
Mtaa mzima ukanuka jino la mama.
Mpita njia mmoja akauliza kama ninauza keki.

Usiku ule mvua ilivuja juu ya benchi.
Nilikuwa nimepigilia msumari mmoja, wa chuma kitupu,
kwenye kigoda cha Bi Siwema.
Asubuhi msumari umezungukwa na doa jeusi lenye buluu,
limefuata nyuzi za mti, limechirizika
kama mkono wa mtu asiyezoea kuandika.

"Tanini hiyo," alisema Mwajabu, mswaki mdomoni.
"Vile vizito. Vimekutana na chuma.
Zamani watu walitengeneza wino hivyo hivyo."
Akaenda kutema.

Nikachukua msasa. Nikaurudisha mahali pake.
Nilikaa na lile doa mpaka chai ikapoa,
nikilitazama upande huu, upande ule,
kama barua iliyochelewa posta.

Bi Siwema alipokuja akauliza, hili doa la nini?
Nikampunguzia elfu mbili.